Video ya Mathenge na Mbuzi wa Lopur

Katika grupu letu la simu tuko wanawake zaidi ya arobaini. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya mama zao, na kwa wale wenye mifugo ninayo hata majina ya mbuzi wanaokamwa. Hapa sitaandika hata moja. Jina la mtu si kitu cha kuachwa kwenye karatasi mwenyewe akiwa hayupo.

Kazi ya grupu ni video. Si za kuchekesha, hizo vijana wanazo. Zetu ni zile zinazofundisha. Mmoja anaokota video ya namna ya kutengeneza sabuni, mwingine anatuma ya kumpa mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari, mwingine ya kufunga kidonda cha ngamia. Tunaangalia, kisha tunaongea kwa sauti, kwa sababu wengi wetu kuandika kunatuchosha. Mimi mwenyewe nilitoka shule darasa la tatu nikaenda kuchunga. Tuko Lodwar, tuko Lokichar, tuko Kakuma, na wawili wako Namoruputh ambako mtu hupanda kilima kwanza ndipo simu ishike. Hao wawili wakijibu, jibu lao hufika siku mbili baada ya maneno kwisha, na tunalipokea hivyohivyo.

Shida ya video nzuri ni lugha. Nyingi zinatoka nchi za mbali ambako hata salamu yao hatuijui. Hapo ndipo nilipopata kazi yangu. Siku moja ilitumwa video ya wanawake wanaosuka, hakuna aliyesikia neno, nami nikaeleza mwanzo mpaka mwisho, maana nimesuka vikapu vya majani ya mikoma tangu vidole vyangu vikiwa vidogo. Wakaniuliza, "Ata, umejuaje?" Ata ni nyanya, ndivyo wananiita. Nikawaambia, mimi siangalii mdomo, naangalia mikono. Mdomo unaweza kusema lolote. Kuanzia hapo, video isiyoeleweka ikija, wanasema tumngoje Ata.

Lakini sikuwa naeleza peke yangu. Kwetu habari ina mtu wa kuipokea. Mgeni akifika kutoka mbali, anakaa, anaanza: nimetoka mahali fulani, nikalala mahali fulani, maji niliyakuta wapi, mifugo niliiona ya nani. Kila akituliza pumzi, mwenyeji anaitikia "ee". Bila hiyo "ee" hawezi kuendelea. Na haruki siku. Akisema nililala Lokichar kisha nikaamka Kakuma, ataulizwa siku ya katikati ameificha wapi. Basi nikitaka kueleza video, natuma sauti fupi, na rafiki yangu wa Kakuma anatuma "ee" yake, ndipo natuma nyingine.

Huyu rafiki ni mwanamke wa Sudan Kusini. Alikuja kambi ya wakimbizi na watoto wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi, sasa ni bibi kama mimi, anauza chai. Tulijuana wakati nikipeleka vikapu kule. Kwao ni watu wa ng'ombe, kwa hiyo kuongea naye hakuna kazi.

Mkubwa wa grupu, mama mmoja mwenye duka pale barabarani Lokichar, hakuzipenda hizo "ee".

"Ata," alisema, "zinajaza simu za watu."

"Mtu akikuletea habari na wewe umenyamaza," nikamwambia, "ataongea mpaka aongope."

Alicheka. Mimi sikuwa nacheka, lakini sikujua kwamba najisema mwenyewe.

*

Mwaka huo mvua ilikataa. Kule Lopur, karibu na Kakuma, dada yangu mdogo alikuwa amebaki na mbuzi kumi na mmoja. Nyasi zilikwisha, kisha majani yakaisha, mbuzi wakaanza kula maboksi. Kitu kimoja tu kilibaki kijani, mathenge. Sisi tunaita etirae. Mti huo umejaa kila mahali. Hapa Lodwar umefunga ukingo wa mto mpaka mtu anatafuta njia ya kwenda kuchota maji. Maganda yake ya manjano ni matamu, mbuzi wanayapenda, lakini wakiyala mazima meno yanaoza na taya linaenda upande. Kila mtu ana mbuzi aliyeharibiwa hivyo.

Ndipo ikaja video. Wanawake wa nchi ya mbali, wamevaa nguo ndefu zilizofunika kichwa, na nyuma yao mti nikautambua kwa miiba yake. Walikuwa wanasaga maganda na kuwapa mbuzi. Na mbuzi wao wana mafuta mgongoni, unaweza kulaza mtoto pale. Grupu lote likasema, tumngoje Ata.

Niliangalia mara mbili. Mikono inaokota maganda. Mikono inayamwaga kwenye turubai. Mikono inasaga. Unga unaingia kwenye karai, mbuzi wanakula. Nikaona ni kazi nyepesi. Rafiki yangu wa Kakuma hakuitikia salamu yangu ya asubuhi, simu yake ilikuwa imekufa na sola ya mahali anapochajisha ilikuwa imeharibika. Ningeweza kungoja. Sikungoja. Nilikuwa na haraka ya mtu anayejua. Nikabonyeza simu nikasema yote kwa sauti moja ndefu, bila kituo: okoteni, anikeni mpaka jasho likauke, sageni, jazeni karai, wapeni.

Dada yangu alifanya siku hiyohiyo.

Kesho yake alinipigia. Sikusikia salamu ya "ejok", sikusikia habari ya nyumbani. Alisema, "Yule wa pembe iliyopinda amelala. Tumbo limekuwa ngoma." Nikamwambia ampe mafuta ya kupikia, amtembeze. Alimpa, alimtembeza. Mbuzi akafa kabla ya jua kupanda juu, na jioni akamfuata yule mwekundu aliyekuwa akiwanyonyesha watoto wa wenzake. Majina yao yote mawili nayajua. Yule mwekundu nilimpa jina mimi.

Dada hakunitukana. Aliweka sauti kwenye grupu, wote wasikie, na ilikuwa fupi kuliko salamu.

"Dada yangu wa Lodwar alisema jaza karai. Nimejaza."

Basi. Afadhali angenitukana.

Mkubwa wa Lokichar akasema kwa heshima, "Ata, usikasirike. Kuanzia leo, video ambayo lugha yake hatujui, hakuna mtu kueleza." Halafu akafunga grupu. Kuna mahali anabonyeza na watu wote wananyamaza, yeye tu ndiye anaweza kutuma. Nilijaribu kubonyeza ili niseme pole, nikakuta pale pa kusemea hapapo.

Nilimpigia dada.

"Hao tisa wanakula nini?"

"Wanakula upepo," akasema. "Upepo haujawahi kumfurisha mbuzi tumbo."

"Na ule unga?"

"Uko kwenye gunia. Nimelifunga. Unangoja mwenye akili aje."

Alikata. Nikajua kwamba hao tisa watakufa, si kwa unga, kwa kukosa unga, kwa sababu dada yangu akifunga kitu hakifungui. Mama yetu alikuwa vilevile.

*

Nilikaa na simu. Nilikuwa na jambo moja la kushika: mbuzi wa wale wanawake walikuwa na mafuta. Mtu anaweza kudanganya, mbuzi mnene hadanganyi. Wao walikula unga wa mathenge wakanenepa, wetu walikula wakafura. Kwa hiyo kuna kitu mikono ile ilifanya na mimi sikukiona. Na kama kipo ndani ya ile video, nitakitoa.

Niliangalia asubuhi, niliangalia mchana. Mke wa mwanangu akipita na ndoo ananiambia, "Mama, hiyo video utaimaliza utamu."

"Si pipi," nikamjibu.

Sikuona kitu. Mikono ni ileile, inaokota, inamwaga, inasaga. Siku ya tatu nikaelewa kwamba nitaendelea kuona nilichokwisha kuona. Nilikuwa nimejisimulia habari mwenyewe na kujiitikia mwenyewe. Nikafunga kanga, nikamwambia mke wa mwanangu naenda Kakuma.

"Kufanya nini, Mama?"

"Kutafuta mtu wa kusema ee."

Rafiki yangu nilimkuta kibandani anapepeta makaa. Aliniangalia toka miguuni mpaka kichwani. Ni mrefu, hata akiwa amekaa anakuangalia kutoka juu.

"Ukti," akasema, ndivyo wao wanaita dada, "umekuja kunizika? Simu ndiyo ilikufa, mimi mzima."

Nikamweleza yote. Hakusema pole. Alinimiminia chai, akavuta mtungi wa plastiki akaukalia, akasema, "Leta hiyo kitu. Anza mwanzo. Mimi nasikia."

Nikaanza. Nilisimamisha video kila baada ya jambo moja, kama inavyotakiwa.

"Wanaokota maganda chini ya mti."

"Ee."

"Wanayamwaga kwenye turubai."

"Ee."

"Huyu anasaga."

"Ee."

"Wanamwaga kwenye karai, mbuzi wanakula."

Kimya.

"Nimesema wanamwaga kwenye karai."

"Nimesikia. Siitikii. Rudisha nyuma."

Nikarudisha mpaka kwenye turubai. Akaniambia zaidi, mpaka kule wanakookota. Akaweka kidole chake kirefu juu ya kioo, si kwenye mikono, nyuma ya wale wanawake, ambako mbuzi walikuwa wanapita.

"Huyu mweusi. Mwenye doa jeupe kwenye jicho. Unamwona?"

"Namwona."

"Tumbo lake?"

Nilitazama. Tumbo lilikuwa pana huku na huku, chuchu zimeshuka. Mbuzi aliyebakiza siku chache azae. Mtu yeyote aliyechunga angeona hilo akiwa amefumba jicho moja, nami nilikuwa nimeangalia ile video mara ambazo sitaki kuzisema.

"Sasa peleka mwisho," akasema.

Mwisho, kwenye karai, alikuwepo. Jeupe kwenye jicho lilelile. Mbavu zimeingia, hana mimba. Na chini yake mtoto mweusi amesimama imara, anatafuna na yeye kutoka pembeni ya karai.

"Huyo mtoto anatafuna," nikasema.

"Anatafuna. Alizaliwa lini?"

Siku chache za mimba iliyobaki, kisha mtoto anyonye tu, kisha aanze kujaribu kutafuna, kisha atafune hivyo kama mwenye kujua. Nilihesabu na vidole vikaisha. Kati ya picha ya kwanza na ya mwisho kulikuwa na mwezi, pengine zaidi. Mwezi mzima, na video imeupita kama mtu anavyoruka kijito.

"Inaruka siku," nikasema. "Inaruka siku na haina haya."

"Kwao labda si aibu," akasema rafiki yangu. "Kwetu ndiyo tungemuuliza amelala wapi."

Sasa tulijua tunatafuta nini. Tukaitazama tena, si kwa mikono, kwa siku. Yule mama wa turubai alikuwa na nguo nyekundu alipomwaga maganda, na alipoyakusanya alikuwa na ya kijani. Maganda yenyewe yalikuwa ya manjano, kisha ya kahawia, na ukisikiliza vizuri yanalia kama njuga.

"Hapo ndani ameoga mara tatu," akasema rafiki yangu, "na wewe umewaambia watu anikeni mpaka jasho likauke."

Halafu tukaona jambo lenyewe. Kabla ya karai kulikuwa na picha ndogo, kupepesa jicho mara mbili tu. Mama ananyoosha kiganja, unga kidogo umechanganywa na majani makavu, mbuzi mmoja analamba. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilidhani anamchezea mbuzi wake, kama watu wanavyofanya wakipigwa picha. Hakuwa anacheza. Hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza. Baada ya kiganja kulikuwa na bakuli, na majani ni mengi kuliko unga. Karai lilikuja mwisho, na hata humo, tukitazama vizuri, majani yalikuwemo.

Rafiki yangu alimwaga maji kwenye makaa yake.

"Unafunga?" nikamuuliza.

"Dada yako atakusikiliza ukiwa peke yako?"

Nililala kwake. Kesho yake tulikwenda Lopur wote wawili.

*

Dada yangu alitupa maji, kwa sababu mgeni ni mgeni. Mbuzi tisa walikuwa wamelala kivulini na hawakuinuka kutuangalia. Gunia lilikuwa pale mlangoni, limefungwa kwa kamba mafundo matatu.

Nilikaa chini nikaanza. "Nimetoka Lodwar jana."

Hakuitikia. Alikuwa anaangalia mbali.

"Nikalala Kakuma kwa huyu rafiki yangu."

Kimya.

"Ee," akasema rafiki yangu.

Dada akamgeukia. "Nani amekupa mdomo wangu?"

"Ulikuwa umeuacha," akasema rafiki yangu. "Nikauokota."

Niliona shavu la dada likicheza kidogo, lakini alilikamata. Nikaendelea kabla hasira haijamrudia. Nikasema nilikosea. Nikasema video ile ilikuwa na siku nyingi na mimi niliona moja. Nikasema sikungoja mtu wa kuniitikia, nikasema karai wakati ni kiganja. Nikamweleza yule mbuzi mweusi mwenye jeupe kwenye jicho, tumbo lake kule mwanzo, mtoto wake kule mwisho anayetafuna. Nilisema yote na hakunisaidia hata mara moja, rafiki yangu ndiye alikuwa akinivusha kwa "ee" yake. Nikafika mwisho.

Dada alichora kitu kwenye mchanga kwa kidole.

"Alizaa jike au dume?"

"Jike."

"Ee," akasema.

Akainuka, akaenda kwenye gunia, akaanza kufungua fundo la kwanza.

Ule unga wa gunia tuliutupa, ulikuwa umeshika unyevu na umeanza kunuka. Tulianza upya. Tuliokota, tukaanika siku kadhaa mpaka maganda yakalia njuga, na siku hizo tukawakatia mbuzi majani makavu ya mikoma na chochote tulichopata. Kisha kiganja kimoja kwa kila mbuzi. Dada alitaka waongezwe siku ya pili, maana walikuwa wakilamba mikono yetu na kulia. Nikamwambia hapana. Kila asubuhi alinitaka niongeze, kila asubuhi nikakataa, mpaka akaniambia nimekuwa mchoyo wa unga usio wangu. Nikakubali kuwa mchoyo. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitakaa Lopur siku zote zile video ilizoruka, nizipitie moja moja kwa miguu yangu.

Na kila siku nilipiga video. Simu ilitetemeka mkononi na wakati mwingine nilipiga miguu yangu, lakini kila siku ilikuwepo: kiganja cha dada, unga, majani, na sauti yangu ikisema leo ni siku ya nne, leo ni siku ya tano. Nilimtumia mkubwa wa Lokichar peke yake, maana grupu lilikuwa limefungwa. Hakujibu. Niliona tu zile alama mbili zikigeuka buluu, nikajua anaangalia. Siku ya nane mbuzi mzee wa dada alikufa. Hakufura. Njaa ilikuwa imemfikia kabla yetu. Hilo nalo nililipiga video, nikasema jina lake, nikalituma.

Siku ya kumi na nane wanane waliobaki waliinuka wenyewe alfajiri wakaja mlangoni kutuamsha. Mkubwa wa Lokichar akapiga simu.

"Ata, hizo video zako zinanitia kizunguzungu. Unashika simu kama umeshika kuku."

"Lakini umeziona zote."

"Nimeziona zote. Nina mbuzi sita hapa. Natakiwa kuanza na kiganja?"

"Anika kwanza. Yaulize maganda yenyewe kama yamekauka, yatakujibu."

Jioni hiyo alifungua grupu. Nilikaa nje ya nyumba ya dada, rafiki yangu alikuwa amerudi Kakuma kwenye chai yake, simu yake sasa ina moto wa chaji. Nikabonyeza nikasema sauti ya kwanza, fupi.

"Ni mimi wa Lodwar. Ile video ya mathenge niliieleza vibaya."

"Ee," rafiki yangu akatuma.

Kisha ikaingia "ee" nyingine, ya mtu wa Lodwar. Kisha nyingine, kisha simu ikaanza kutetemeka bila kupumzika, "ee" za wazee na za wasichana, mkubwa wa Lokichar akaingilia katikati akisema simu yake imejaa, na mmoja akamwambia afute picha za harusi.

Dada alikuwa amekaa karibu nami, na simu yake mapajani. Hakuwa ametuma kitu. Nikamngoja. Akainua simu, akaisogeza mdomoni, akasema ndani ya grupu, ingawa nilikuwa hapo pembeni yake na angeweza kunigusa kwa kiwiko.

"Kabla hujaendelea," akasema, "wataje."

Nikabonyeza. Nikamtaja yule wa pembe iliyopinda, kwa jina lake na jina la mama yake. Nikamtaja yule mwekundu, na watoto wa wenzake aliowanyonyesha, mmoja mmoja.

"Ee," akasema dada yangu.

Nikaendelea na siku ya kwanza.